Ukanda wa Mita Kumi: Uchambuzi wa Kisa cha Fisi Maji wa Ziwa Victoria

Mwaka 1963, jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki lilipoanza kutoka, lilichapisha maelezo mafupi kuhusu fisi maji wa Tanganyika, wanyama wala samaki wanaoishi kando ya maji. Mwandishi wake alikuwa amewatazama wanyama hao kusini mwa Ziwa Victoria, na mambo aliyoyaandika kuhusu makundi yao na msimu wao wa kuzaa yangali sehemu ya msingi wa elimu tuliyo nayo juu ya mnyama huyu. Fisi maji wakati huo alikuwa mkazi wa kawaida wa mwambao wa ziwa. Miaka sitini baadaye, mtu anayetaka kumwona upande wa Tanzania huelekezwa Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita. Sehemu nyingine nyingi za mwambao yupo kwa uchache na kwa kujificha, au ametoweka kabisa. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika kundi la wanyama wanaokaribia kuwa hatarini. Kisa ninachokichambua hapa ni hicho: kwa nini mnyama yule yule, katika ziwa lile lile, amestawi mahali pamoja na kurudi nyuma kwingine.

Jibu linalotolewa haraka ni sangara: alipandikizwa ziwani, akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, na fisi maji akakosa chakula. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini kwa maoni yangu linamtazama samaki kabla ya kumtazama fisi maji mwenyewe. Ukimfuata mnyama huyu kwa makini, jinsi anavyowinda, anavyokausha manyoya yake, anapolala na anapojisaidia, utagundua kwamba Ziwa Victoria analolijua yeye ni dogo mno kuliko lile tunaloliona kwenye ramani.

Kwanza tuwatenganishe, kwa kuwa ziwa hili lina fisi maji wa aina mbili na wengi huwachanganya. Yule mdogo, anayehusika zaidi na kisa hiki, ni fisi maji mwenye madoa shingoni, ambaye wanasayansi humwita Hydrictis maculicollis. Ana uzito wa kilo 3 hadi 6, na urefu wake pamoja na mkia ni kama mita moja. Miguu yake yote minne ina kucha, na vidole vyake vimeunganishwa kwa utando kama wa bata. Madoa meupe yaliyo kooni na kifuani hutofautiana kwa kila mnyama, na mtafiti mwenye subira humtambua mmoja mmoja kwa madoa hayo. Yule mkubwa, Aonyx capensis, anaweza kuzidi kilo 15. Vidole vyake vya mbele havina kucha, naye huvitumia kupapasa chini ya mawe na ndani ya tope akitafuta kaa. Hakuna kati yao aliye na undugu na fisi wa porini. Ukoo wao ni mmoja na ule wa nyegere na kicheche. Hata hivyo jina lina uzito wake: katika Kanda ya Ziwa, ambako fisi husimuliwa kuwa kipando cha wachawi, mnyama aliyeitwa fisi maji huanza maisha yake kati ya watu akiwa na deni asilolikopa.

Ukiketi kimya juu ya jabali la Rubondo alfajiri, kabla upepo haujaanza kukunja maji, kwanza utaona mstari mwembamba wa mapovu ukisogea sambamba na ukingo. Mapovu hayo ni hewa inayobanwa kutoka kwenye manyoya mnyama anapozama. Kisha kichwa bapa huibuka, na cha pili, na cha tatu, sharubu zikidondosha maji. Huvuta pumzi mara moja au mbili, mgongo hujikunja, na ncha ya mkia hupotea mwisho. Mzamio mmoja kwa kawaida haufiki nusu dakika. Akipata samaki mdogo humla hapo hapo majini, akielekeza pua juu na kutafuna kwa meno ya pembeni, na siku yenye utulivu sauti ya mifupa ikivunjika husikika hadi nchi kavu. Samaki mkubwa zaidi hukokotwa mpaka kwenye jiwe, akabanwa kwa miguu ya mbele na kuliwa kuanzia kichwani. Windo lake ni samaki ambao wengi wao hawazidi sentimita 20, akiongezea kaa, vyura na wadudu wa majini. Jambo la kukumbuka ni kwamba fisi maji huyu huwinda kwa macho. Sharubu humsaidia, lakini anamfukuza samaki anayemwona, na kwa hiyo anahitaji maji maangavu na nuru ya mchana. Ndiyo maana huonekana zaidi asubuhi na jioni, tofauti na wanyama wengi wala nyama ambao huusubiri usiku.

Nchi kavu anaihitaji sawasawa na maji. Hana tabaka la mafuta chini ya ngozi kama alilo nalo nyangumi. Kinachomkinga na baridi ni hewa inayonaswa ndani ya manyoya mafupi yaliyosongamana, na manyoya yaliyolowa hadi ndani au kuchafuka hayanasi hewa. Kwa sababu hiyo, kila baada ya muda wa kuwinda hutoka majini, hujisugua juu ya mchanga, nyasi au mwamba, hujilamba na kuchanua manyoya, kisha hurudi tena. Kazi hiyo si mapambo. Mnyama aliyezuiwa kutoka majini kwa usalama hupoteza joto, na kwa kuwa mwili wake huunguza chakula upesi, hulazimika kula zaidi ili kufidia. Hulala na kuficha watoto katika mapengo ya mawe, chini ya mizizi ya miti iliyoinama juu ya maji, au ndani ya matete yaliyoshonana. Karibu na hapo huwa na choo cha pamoja, mahali pale pale panaporudiwa siku baada ya siku, mara nyingi juu ya mwamba ulio hatua chache tu kutoka majini. Anayepita hapo huona kinyesi chenye magamba na miiba ya samaki, cheusi na cha kunata kikiwa kibichi, cha kijivu na chenye kumeguka kama majivu kikikauka. Kwa fisi maji, choo hicho ni baraza: harufu yake humjulisha anayefuata ni nani amepita.

Huzaa polepole. Mimba huchukua miezi miwili hivi, watoto huwa mmoja hadi watatu, na kusini mwa Ziwa Victoria kuzaliwa kwao kumeandikwa kuwa ni mwezi Septemba. Mama huwalea kwa takriban mwaka mmoja, akiwafundisha kuzama na kukamata. Makundi yanayokaribia wanyama 20 yamewahi kuandikwa katika ziwa hili, ingawa familia ya mama na watoto ndiyo inayoonekana zaidi. Mama mmoja akifa katika mwezi wa Oktoba, hasara huwa ya familia nzima, kwani watoto waliobaki shimoni hawana wa kuwalisha.

Sasa tuyaweke hayo pamoja. Mnyama anayewinda kwa macho, kwa mizamio mifupi, na anayelazimika kurudi nchi kavu mara kwa mara, hawezi kwenda mbali na ukingo; fisi maji mwenye madoa shingoni huwinda zaidi ndani ya mita 10 hivi kutoka ufukweni. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800, na mwambao wake, ukiacha visiwa, huhesabiwa kuwa kama kilomita 3,440. Zidisha urefu huo kwa mita 10 na utapata kilomita za mraba 34 na kidogo, yaani sehemu moja kati ya 2,000 ya ziwa lote. Visiwa vitaongeza kiasi fulani, lakini sura ya jambo haibadiliki. Ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, kwa mnyama huyu, ni utepe. Na utepe huo ndio mahali pale pale ambapo mwanadamu hutia mtumbwi, huteka maji, hufua, hulima bustani za mboga, hukata matete, huanika dagaa na kutega nyavu zake za karibu.

Turudi kwa sangara tukiwa na utepe huo akilini. Samaki huyu, ambaye hufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200, alichukuliwa kutoka Ziwa Albert na kutiwa ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda alikaa kimya, kisha akafumuka: kwanza Kenya na Uganda, halafu Ghuba ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980. Furu, ambao aina zao zilikadiriwa kufikia 500 na ambao walikuwa sehemu kubwa ya uzito wote wa samaki wa ziwa, wakaporomoka kiasi kwamba nyavu za utafiti katika maji ya wazi zilikuja tupu pale zilipozoea kujaa. Watafiti waliokuwa Mwanza wakati huo walikuwa na haki ya kuuliza fisi maji atakula nini, na mwaka 1990 ilichapishwa kazi iliyochambua vinyesi vya aina zote mbili kwa swali hilo.

Lakini furu hawakuporomoka sawasawa kila mahali. Wale wa miambani, ambao Mwanza huitwa mbipi, walistahimili vizuri zaidi kuliko ndugu zao wa maji ya wazi, kwa sababu sangara mkubwa hawezi kuwafuata ndani ya nyufa za mawe. Kwa maneno mengine, pale ambapo ukingo ni wa mawe, sehemu ya ghala la fisi maji ilibaki na kufuli. Aidha, sangara mwenyewe akiwa mdogo hukaa karibu na ufuko, na sato wachanga nao hukulia humo humo. Tangu miaka ya 1990, sangara wakubwa walipopungua kwa kuvuliwa mno, baadhi ya furu wa maji ya wazi walianza kurudi. Kama njaa peke yake ingekuwa ndiyo iliyomwondoa fisi maji, tungetarajia amepotea hata Rubondo, kwani sangara hasomi mipaka ya hifadhi. Na tungetarajia amerudi Ghuba ya Mwanza pamoja na furu. Hayo mawili yote hayajatokea, na hapo ndipo ninapoona kwamba lawama imewekwa juu ya mdomo wa sangara ilhali madhara makubwa yalipitia mlango mwingine.

Mlango huo ni uchumi wa sangara. Samaki huyu alileta nyavu. Idadi ya wavuvi wa ziwa zima, nchi zote tatu kwa pamoja, ilikaribia 200,000 kufikia miaka ya 2010, na nyuzi za pamba zilikuwa zimeachwa zamani kwa ajili ya nailoni. Nyavu za makila, yaani zile zinazomnasa samaki kwenye matundu yake, zinazotegwa jioni kando ya matete na kuteguliwa alfajiri hukaa majini katika saa zile zile ambazo fisi maji yuko kazini. Zile za uzi mmoja mwembamba, zinazoitwa timba, hazionekani majini hata kwa mnyama mwenye macho makali. Anaingia akimfuata samaki aliyenaswa, shingo na miguu inajikunja ndani ya matundu, na kwa kuwa anapumua hewa kama sisi, dakika chache zinamtosha kufa. Mvuvi humkuta asubuhi, mzito kama taulo lililolowa, wavu ukiwa umekatwa vipande pembeni yake. Sheria inakataza timba pamoja na makokoro, lakini vyote vingali vinatumika, na kokoro linapoburutwa ufukweni hukwangua mazalia ya samaki katika ukanda ule ule wa mita 10.

Sangara alileta shoka pia. Dagaa na furu walikuwa wakikaushwa juani. Sangara, kwa mafuta aliyo nayo, huoza kabla ya kukauka, hivyo ilibidi akaangwe au abanikwe kwa moshi, na kuni zikakatwa visiwani na kando ya ziwa. Miti iliyoinama juu ya maji, yenye mizizi ya kumhifadhi mama na watoto wake, ilikuwa ya kwanza kufikiwa kwa sababu ilikuwa ya karibu zaidi na mwalo, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki. Mialo ikaongezeka, kambi zikawa vijiji, na mbwa wakafuata watu. Kwangu mimi huu ndio moyo wa kisa hiki: samaki aliyepandikizwa ili kuongeza kitoweo alimwondolea fisi maji kitanda kabla ya kumwondolea chakula.

Kuna jambo la tatu, na hili halina uhusiano wa moja kwa moja na uvuvi. Maji yamepoteza uangavu. Wapimaji hushusha sahani nyeupe majini na kuandika kina ambacho inatoweka machoni. Katika miaka ya 1920 sahani hiyo ilionekana hadi mita 7 au 8 katika maji ya wazi, na kufikia miaka ya 1990 ilipotea kabla ya mita 3 katika sehemu nyingi. Mbolea, udongo wa mashamba, majitaka na moshi wa kuni na nyasi zilizochomwa, ambao hushuka na mvua, vililisha mwani ukatanda. Gugu maji, lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunika takriban hekta 20,000 kabla ya kupungua mwishoni mwa miaka ya 1990, liliziba hasa ghuba na pembe tulivu, yaani ukingo. Jinsi uchafu wa maji unavyopenya maisha ya viumbe hawa inaonekana kwa furu wenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba jike wa furu humchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka rangi hazionekani, aina zikaanza kuchanganyika. Ukungu ule ule unaomchanganya furu katika kuchagua mwenzi humpofusha fisi maji katika kumfukuza.

Fisi maji mkubwa anatupatia kipimo kizuri cha hoja hii. Yeye hupapasa, hivyo tope halimsumbui sana, na kaa anaowatafuta hawakuwa chakula kikuu cha sangara kama walivyokuwa furu. Shida zake ni zile za nchi kavu na za nyavu, si za macho. Mahali ambapo yule mkubwa bado anaacha vinyesi vilivyojaa magamba ya kaa ilhali mdogo amekwisha kuhama, ningeanza kwa kupima maji kabla ya kumtafuta jangili.

Rubondo, basi, ina nini? Kisiwa kilitangazwa pori la akiba mwaka 1965, na watu waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa, jambo ambalo halipaswi kupitwa juu juu katika uchambuzi wowote wa kisiwa hiki, kwa kuwa kuna familia zilizolipa gharama yake. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Eneo lake ni kilomita za mraba 456.8, ambazo karibu 240 ni nchi kavu na zinazobaki ni maji, na uvuvi wa biashara umekatazwa ndani ya mpaka huo wa majini. Wageni huja kwa ajili ya sokwe waliopelekwa huko miaka ya 1960, au nzohe, swala wa mabwawani, ambaye ni mwenyeji wa asili. Kwa fisi maji, thamani ya Rubondo iko katika mambo matatu yaliyokutana mahali pamoja: msitu unaoshuka hadi majini bila shamba wala mwalo katikati, mwambao wenye mawe yaliyopishana na mabwawa ya matete na mafunjo, na ukanda wa maji usio na nyavu halali. Mamba wapo, na furukombe wapo juu ya miti, nao kwa namna yao ni hatari kwa watoto wa fisi maji. Lakini hao ni maadui aliozoeana nao kwa vizazi vingi. Sangara naye yupo pale. Furu wa Rubondo waliliwa, na fisi maji akaendelea kuishi.

Malalamiko ya mvuvi nayo yana nafasi hapa, nami siyachukulii kama kisingizio. Wavu mmoja ni mtaji. Fisi maji hula tumbo la samaki aliyenaswa na kumwacha aliyebaki akiwa hauziki, na anapojinasua hukata matundu ambayo mvuvi atakaa nusu siku akiyashona. Mtu aliyekopa fedha za nyavu hawezi kuambiwa tu kwamba mnyama huyu ni hazina ya taifa. Anachoweza kuelewa mara moja ni suala la mahali na saa: wavu uliotegwa mita 50 au 100 kutoka kwenye matete hukutana na fisi maji mara chache kuliko ule uliotegwa kwenye mlango wa shimo lake, na samaki wakubwa wenye bei hawako kwenye matete. Kwa migono, yaani mitego ya samaki yenye umbo la kikapu, Uingereza hutumia kizuizi cha matundu mdomoni mwa mtego, kinachopitisha samaki na kumzuia fisi maji wa huko; fundi wa migono wa Kanda ya Ziwa anaweza kusuka kizuizi kama hicho kwa fito zile zile anazotumia kila siku.

Upande wa nchi kavu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa. Ningependa kuona mita hizo zikianza kurejeshwa pale ambapo bado kuna jabali, mti wa kale au bonde la matete, kuliko kuhesabiwa sawasawa kwenye ufuko wa mchanga mtupu ambako fisi maji hakuwahi kulala. Kujua ni wapi hakuhitaji boti ya utafiti wala kamera ya bei. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi viko katika mialo, na wanachama wake hupita kando ya ziwa kila asubuhi. Baada ya mvua ya usiku mwamba huwa umeoshwa. Kinachokutwa juu yake siku ya pili au ya tatu ni kipya. Kama kuna rundo jeusi lenye kunata, magamba madogo yakimetameta ndani yake, na nyasi za pembeni zimelala upande mmoja mahali alipojisugua, basi pana fisi maji anayewinda katika maji yale, na nyavu za jioni ile zinapaswa kutegwa kwingine.